Njia ya Skuli na Njia ya Sinema: Kiswahili Chetu kutoka Unguja hadi Maskati



Wiki iliyopita nilikuwa nampeleka binti yangu skuli, tunatoka Al Khoudh tunashuka Ruwi, na barabara ya Sultan Qaboos asubuhi mnaijua ilivyo. Gari zimeshikana, hakuna pa kukimbilia. Nikamuuliza, ile filamu uliyokuwa ukiitazama jana usiku inahusu nini hasa? Akanijibu kwa Kiarabu, akatia na Kiingereza kidogo, halafu akarejesha vile vidude vyake masikioni. Kiswahili anakijua. Ukimwambia alete chumvi ataleta, ukimkemea anafahamu. Lakini kuhadithia kisa kizima kwa Kiswahili, mwanzo mpaka mwisho, hawezi. Nikabaki na suala langu njia nzima: wazee wetu walijifunza wapi kuhadithia?

Wengi tutasema haraka haraka: skuli. Mimi naona jawabu hilo halitoshi. Tuitazame Unguja ya miaka ya 1950. Mtoto akisoma chuoni, Qur'ani ni kwa Kiarabu. Skuli ya serikali madarasa ya chini Kiswahili, lakini kila akipanda juu Kiingereza ndicho kilichompa cheti na kazi. Jumapili akenda sinema, filamu ni ya Kihindi au ya Kimisri. Kwa hiyo mambo makubwa ya maisha yake, dini, elimu na starehe, mengi yalimfikia kwa lugha za watu wengine. Vipi basi Kiswahili kilikuwa na nguvu vile?

Kilikuwa na nguvu kwa sababu yote hayo yalitafunwa njiani, na njiani lugha ilikuwa moja. Chukueni mfano wa sinema. Unguja imekuwa na jumba la sinema la fahari tokea 1921, lilipofunguliwa Royal pale Vuga, ambalo baadaye likaitwa Majestic, likaungua moto na kujengwa upya katikati ya miaka ya 1950. Palikuwa na Empire, na tokea mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1950 palikuwa na Sultana pia. Laura Fair, mwanahistoria wa Kimarekani, ameandika kitabu kizima juu ya sinema za Tanzania (2018), na ndani yake utaona jinsi familia za kila kabila na kila mtaa zilivyokuwa zikijazana humo, pamoja na maonesho ya wanawake peke yao.

Mama yangu, Mungu amrehemu, aliiona Awara ya Raj Kapoor na Nargis, filamu ya 1951, katika onesho kama hilo la wanawake. Kihindi alikuwa hajui zaidi ya maneno ya dukani. Lakini aliyekaa pembeni yake alikuwa akijua kidogo, akamfasiria mwenziwe, na mwenziwe akamfasiria wa tatu. Walipotoka walirudi kwa miguu, wakihadithiana mpaka mlangoni. Kesho yake, alivyokuwa akituambia, hata wasichana ambao hawakupewa ruhusa ya kwenda walikuwa wameshaijua Awara yote, pale alipolia Nargis na pale hakimu alipogundua kuwa mshitakiwa ni mwanawe. Filamu ilikuwa ya Kihindi, hadithi ikawa ya Kiswahili. Na masomo ya darasani yalikuwa vivyo hivyo. Hesabu iliyofundishwa kwa Kiingereza ilielezwa tena kwa Kiswahili na mwanafunzi hodari njiani wakati wa kurudi nyumbani.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba njia ile ilikuwa pepo. Skuli zenyewe zilikuwa na majina ya makabila. Skuli ya wasichana ya serikali iliyofunguliwa 1927 iliitwa ya Waarabu, na nafasi za masomo hazikugawiwa sawa baina ya Mji Mkongwe, Ng'ambo na mashamba. Ndani ya sinema bei ya tikti ilikutenga na mwenzako. Tunaokumbuka Unguja kwa machozi tukiwa huku hatuna budi kulikumbuka na hilo, maana lina sehemu yake katika yaliyotokea Januari 1964. Ninachosema ni kimoja tu: mkitoka nje, njia ilikuwa ya wote na maneno yalikuwa ya wote.

Sasa tuje Maskati. Mpaka tarehe 23 Julai 1970, Sultan Qaboos alipochukua nchi, Oman nzima ilikuwa na skuli tatu tu za kisasa, Maskati, Matrah na Salalah, zenye wanafunzi kama 900, wote wavulana. Barabara ya lami ilikuwa kama kilomita 10. Mlango wa mji wa Maskati ukifungwa saa tatu baada ya magharibi, na aliyetembea usiku alitakiwa achukue taa ya mkononi. Nani angesema habari ya kwenda sinema?

Ndipo Sultan akawaita Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi. Waliotoka Unguja, na waliopitia Cairo, Dar es Salaam, Mombasa, Uingereza na nchi za Ghuba, walikuja na kitu kilichokuwa adimu: cheti na Kiingereza. Waliingia kwenye wizara, benki, hospitali na kampuni ya mafuta, na wanawake wetu walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kukaa nyuma ya meza za ofisi. Matunda ya skuli za Unguja, pamoja na ila zake zote, yalivunwa huku.

Lakini wengi wao Kiarabu kilikuwa kinawapiga chenga. Dk. Nafla Kharusi ameandika (2012) juu ya jina hili la "Zinjibari" tunaloitwa, na kila mmoja wetu anajua kuwa jina hilo hufuata ulimi kabla ya kufuata ukoo. Wazee wakaona, na hawakukosea, kwamba mtoto asiyesema Kiarabu sawasawa ataulizwa maisha yake yote kama kweli ni Mwomani. Skuli za serikali ni za Kiarabu. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilipofunguliwa 1986, sayansi na udaktari vikasomeshwa kwa Kiingereza. Hayo hayana lawama. Unguja pia tulisoma kwa lugha za watu.

Kilichopotea ni njia. Maskati ni mji ulionyooka kama kamba, mlima upande huu na bahari upande ule, kutoka mji wa kale mpaka Seeb na kuendelea. Bila ya gari huendi popote. Mabasi ya Mwasalat yalipoanza safari za Ruwi hadi Mabela mwishoni mwa 2015 tulifurahi, lakini wengi wetu hatujayapanda hata mara moja. Zamani tulikuwa na jengo lile la mviringo la Star Cinema pale Ruwi kwa filamu za Kihindi, na mkitoka mlikutana nje mkasalimiana kwa Kiswahili. Siku hizi filamu iko katika simu, kila mtu na yake, maandishi ya Kiarabu chini. Mtoto anaimaliza peke yake, haihadithii kwa mtu, na asubuhi anaingia katika gari lililofungwa vioo.

Tunalalamika kwamba Oman haisomeshi Kiswahili skuli. Ingekuwa vizuri, sikatai. Lakini darasa la mara mbili kwa wiki litampa mtoto ngeli za majina, halitampa mtu wa kumhadithia. Lugha inayotumika kuombea chumvi tu hufa pamoja na bibi aliyekuwa akiipika hiyo chakula.

Kwa hiyo mimi nimeamua jambo dogo. Kutoka Al Khoudh mpaka Ruwi asubuhi ni nusu saa, na foleni ikiwa mbaya ni zaidi. Vidude vya masikioni vinawekwa mkobani. Siku moja mimi nahadithia, siku ya pili yeye. Jana alinihadithia filamu ya Kikorea. Alikwama mara nyingi, akaniuliza "kusaliti" ndiyo nini, akacheka mwenyewe, na tulipofika mlangoni kwa skuli alikuwa hajamaliza. Akaniambia, "Baba, nitakumalizia tukirudi."

Ndugu zangu mlioko London, Toronto na Dubai, na nyie mna gari na mna foleni. Watoto wenu wanawahadithia kwa lugha gani?

Wabillahi tawfiq.