Nitamkanaje Nisiyemjua?

Miaka 17 nilikuwa karani katika mahakama moja ya wilaya mkoani Tanga, nikiwaapisha mashahidi. Mkristo nilimpa Biblia, akaapa. Mwislamu nilimpa Msahafu, akathibitisha. Siku moja akapanda kizimbani mwalimu mstaafu.

“Mzee, dini yako?”

“Sina.”

Mwenzangu akanong’ona, “Mkana Mungu.” Mzee akamsikia. “Hapana, mwanangu. Petro alimkana bwana aliyekula naye. Mimi nitamkanaje nisiyemjua?”

Hakimu akaniagiza nimthibitishe bila kitabu. Akathibitisha, mikono ameifunga nyuma kama yuko mbele ya darasa.

Sikulala vizuri usiku ule. Kweli, kukana ni kazi ya anayejua: mzazi humkana mtoto, mdaiwa hukana deni. Neno kafiri nalo, kwa asili yake ya Kiarabu, limetokana na kufunika, na anayefunika anajua anachokifunika. Majina yote tuliyokuwa nayo ya kumwita mzee yule tuliyatunga sisi waumini.

Nafasi ile ya kuthibitisha bila kitabu tuliirithi kwa Waingereza, nao waliipata kwa ugomvi. Kabla ya 1869 mahakama zao hazikupokea ushahidi wa asiyeamini. Mwaka 1880 watu wa Northampton walimchagua Charles Bradlaugh kuwa mbunge. Akaomba athibitishe badala ya kuapa, akakatazwa. Akasema basi ataapa, akakatazwa tena, maana alikwisha kutamka wazi kwamba maneno ya mwisho ya kiapo hayana maana kwake. Juni mwaka huo alilala kifungoni usiku mmoja katika mnara wa saa wa Bunge. Northampton wakamrudisha mara nne, hadi 1886 akapata kiti chake. Mwaka 1888 sheria aliyoipigania, ya kuruhusu kuthibitisha badala ya kuapa, ikapita.

Ninachomheshimia zaidi ni uangalifu wa ulimi wake. Hakusema Mungu hayupo. Alisema neno Mungu, lisipoelezwa maana yake, halimpi kitu anachoweza kukikubali wala kukikana. Ndilo jibu la mzee wangu wa kizimbani.

Mama alipofariki, mwalimu alikuja msibani. Waombolezaji wengine walisema Mungu ailaze roho yake pema. Yeye alinishika mkono: “Pole, mwanangu. Mama yako hakuniacha nipite bila chai.” Shangazi, mcha Mungu wa kweli, akamwuliza kama hata leo haamini.

“Sijaamini, dada.”

Hakusema siamini. Shangazi akamsogezea mkeka, akampakulia wali.