Huruma Iliyounda Mashua

Huko Redcar, mji wa pwani ya Uingereza, tulizuru nyumba ya makumbusho inamotunzwa mashua ya mbao iitwayo Zetland. Iliundwa mwaka 1802, nayo ni ya kale kupita mashua zote za kuokolea watu baharini zilizobaki duniani.

Asili ya mashua za namna hii ni msiba. Mwaka 1789, kaskazini ya Redcar, mlangoni mwa mto Tyne, merikebu Adventure ilikwama mchangani wakati wa tufani. Watu wengi walisimama pwani, wakawaona mabaharia wakianguka majini mmoja mmoja. Hakuna aliyethubutu kwenda, maana mashua zao zingepinduka.

Baada ya msiba ule, wakuu wa mahali waliahidi zawadi kwa atakayebuni mashua ya kushinda mawimbi. William Wouldhave, karani wa parokia, alileta mfano wa mashua ambayo ikipinduka hujigeuza yenyewe. Fundi Henry Greathead akaunda mashua ya kwanza, akaitia gome jepesi, lile la vizibo vya chupa, isizame. Ilianza kazi mwaka 1790.

Zetland ni kazi ya fundi huyohuyo. Wavuvi wa Redcar waliivuta kwa makasia, wakaokoa watu zaidi ya 500.

Nasi je? Jirani akizama katika shida, tutabaki pwani tukimsikitikia? Huruma ya kweli hutafuta mbao na misumari.