Mtetemeko Unaokula Mwili

Mwaka 1935 daktari kijana kutoka Uingereza, Leader Stirling, aliwasili Lulindi, katika nchi ya Masasi na Newala, kuitumikia misheni ya UMCA. Alikaa huko mpaka mwaka 1949. Wengi walimfahamu baadaye alipokuwa Waziri wetu wa Afya, kuanzia 1975 hadi 1980.

Hebu tujiulize. Kama siku moja angeletewa mzee ambaye mkono unatetemeka hata ukiwa umetulia juu ya paja, miguu anaiburuta, uso umekakamaa, daktari yule angefanya nini? Jina la ugonjwa lilikuwapo, kwa sababu James Parkinson, tabibu wa London, aliueleza tangu mwaka 1817. Lakini tiba ya maana haikuwapo Lulindi, na hata London kwenyewe haikuwapo. Mwaka 1960 ndipo ilipobainika kwamba ubongo wa wagonjwa hao umepungukiwa na kemikali iitwayo dopamini. Mwishoni mwa miaka ya 60 dawa ya levodopa ikaanza kuwainua watu vitandani. Kwa hiyo Stirling alipokuwa waziri, dawa ilikuwa imekwisha kupatikana duniani.

Mwaka 1987, mjini Grenoble, Ufaransa, Profesa Alim Louis Benabid alikwenda mbele zaidi. Alipitisha waya mwembamba mpaka ndani kabisa ya ubongo, akapeleka umeme kidogo kidogo, na mtetemeko ukatulia. Siku hizi waya huo huunganishwa na kifaa chenye betri kinachofichwa chini ya ngozi ya kifua. Ugonjwa hauponi, lakini mgonjwa hupata nafuu kubwa.

Hapo ndipo madaktari walipoona jambo ambalo hawakulitarajia. Wagonjwa waliopasuliwa walianza kunenepa, wengi kwa kilo kadhaa katika mwaka wa kwanza, na wengine wakapita kiasi. Kwa nini? Sababu moja ni kwamba misuli inayotetemeka na kukakamaa mchana kutwa inafanya kazi, na kazi hiyo inakula chakula kama ile ya jembe. Mtetemeko ukikoma, chakula kile kile kinabaki mwilini. Inadhaniwa pia kwamba umeme huo hugusa sehemu za jirani za ubongo zinazotawala njaa na shibe.

Sisi tunajifunza nini? Kwamba mzee anayetetemeka anaweza kudhoofika huku anakula. Tena kula kwenyewe ni taabu: kijiko kinamwaga uji njiani, kumeza ni kwa shida, na harufu ya chakula haisikii tena. Nyumbani tunasema ni uzee, au ni njaa ya masika, au amelogwa.

Msidhani natia chumvi. Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kati ya watu zaidi ya 161,000. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa ugonjwa wao ni nini. Kama ni hivyo Hai, ambako hospitali haziko mbali, hali ikoje kwa bibi aliyeko bondeni Ruvuma?

Upasuaji wa Grenoble ni ghali, na wengi wetu hatutaufikia. Levodopa ni vidonge tu, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mizani ipo hata kwenye zahanati.

Basi wewe uliyeko mjini, ukienda likizo kijijini ukamkuta babu anatetemeka na shati limempwaya, usimwachie kilo ya sukari ukaondoka. Mpeleke hospitali, apimwe, na uzito wake uandikwe. Stirling hakuwa na dawa ya kumpa. Sisi tutajitetea kwa lipi?