Ngulube na Shamba: Namna Wazee Walivyolinda Chakula Katika Inchi ya Kamina

Mtu akitaka kueleza historia ya Baluba, mara nyingi anaanza na wafalme. Sisi pia tulifundishwa vile: Nkongolo Mwamba, halafu mwindaji Mbidi Kiluwe aliyetoka mashariki na upinde wake, halafu mwana wake Kalala Ilunga aliyeshika ufalme. Jina Kiluwe lenyewe ni la mwindaji, na upinde ulibaki alama ya ukubwa. Vile vishikizo vya mbao vya kuwekea upinde na mishale, ambavyo leo vinaonyeshwa katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani, kwetu vilikuwa vitu vya kufichwa nyumbani kwa mfalme, si vya kutembezwa mbele ya watu. Hayo yote ni mazuri, na tunayapenda. Lakini kuna uwindaji mwingine usio na sifa kubwa, nao ndio uliolinda chungu kila mwaka: ule wa kufukuza ngulube katika mashamba. Tunataka kuongea juu ya huo kwa sababu umekufa karibu wote, na wanaolipa deni leo ni mama zetu na watoto.

Kwanza tuelewane juu ya nyama mwenyewe. Kwa Kiluba ni ngulube, na katika Kiswahili chetu cha Katanga tunasema vile vile ngulube, hata kwa yule wa kufugwa. Wa pori tusimchanganye na ngiri. Ngiri anatembea mchana katika majani mafupi, anakula akipiga magoti, na usiku analala ndani ya shimo, mara nyingi lile alilochimba muhanga. Ngulube wa pori ni wa usiku. Mchana amelala katika muhulu, ao katika mushitu kando ya mto, fasi ambapo hata mbwa anasitasita kuingia. Wanatembea kikundi: dume mmoja, majike na watoto, tuseme wanne mpaka kumi. Mkubwa anaweza kupita kilo 80. Jike anabeba mimba miezi minne tu, na anazaa watoto watatu ao wanne, wakati mwingine zaidi. Anakula kila kitu: mizizi, matunda, wadudu, mayai, hata mzoga.

Kwa nyama wa namna hiyo, shamba la mihogo ni duka lililoachwa wazi. Mihogo inaweza kukaa udongoni miezi 18, hata 24, na mama anaing'oa kidogo kidogo kadiri ya njaa ya nyumba. Ndiyo ghala yetu. Ngulube anaijua ghala hiyo sawa na mwenyewe. Karanga anazifukua, na katika mahindi anaangusha bua zima ili ale suke moja. Kikundi kikiingia usiku mmoja, asubuhi mtu anakuta udongo umegeuzwa kana kwamba watu kumi wamelima.

Basi wazee walifanya nini? Hapa watu wengi wanafikiri jibu ni silaha: mkuki, mshale, baadaye bunduki. Siye tunaona jibu ni mpango.

Katika kiangazi, majani yakisha kukauka, hakuna mtu aliyewasha moto wa pori kwa kupenda kwake. Mwenye udongo ndiye aliyetoa siku, na siku hiyo vijiji viwili ao vitatu vilikutana. Nyavu zilisokotwa kwa kamba ya ganda la mti, kila nyumba na wavu wake, na ziliungwa moja kwa nyingine mpaka zikafunga upande mmoja wa kichaka. Wanaume wazima wenye mikuki walijificha nyuma ya wavu. Vijana na watoto waliingia upande mwingine wakipiga kelele, na mbwa pamoja nao. Mbwa wa asili wa inchi hii habweki sana, ndiyo maana katika sehemu mingi za Kongo watu walimfunga kengele ya mti shingoni, ili mwindaji ajue yuko wapi ndani ya majani. Ngulube akikimbia anaingia katika wavu na kujisokota, na hapo inabidi mkuki uwe mwepesi, kwa maana dume akisimama na kugeuka, meno yake yanapasua mbwa, na mguu wa mtu vilevile.

Baadaye ulikuja mgawanyo, na huo ulikuwa na sheria kali kuliko uwindaji wenyewe. Mwenye wavu ambamo nyama aliangukia alikuwa na sehemu yake, na aliyechoma wa kwanza vilevile, mwenye mbwa vilevile, na mwenye udongo hakusahauliwa. Namna ya kukata ilitofautiana kijiji na kijiji, lakini hakuna aliyetoka nyumbani kwenda msako akarudi mikono mitupu. Wawindaji wenyewe walikuwa na chama chao, buyanga, chenye dawa na miiko yake. Moja ya miiko iliyojulikana sana, kwetu na kwa majirani, ni mwindaji kulala mbali na mke wake kabla ya kutoka. Vijana wa leo wanacheka. Lakini tazama maana yake: hata nyumba ya mwindaji iliingia katika kazi, na mke alijua siku ya msako sawa na mume.

Kitu cha pili, ambacho hakisemwi sana, ni kupanga mashamba. Watu walifungua mashamba bega kwa bega, bloku moja, hivi kwamba uzio wa miti ulikuwa mmoja na kibanda cha kulinda kilitazama mashamba ya nyumba mingi. Katika njia za ngulube walichimba mashimo ya mtego, na kila mtu wa kijiji alijua yako wapi. Na chui alikuwepo. Chui ni adui mkubwa wa ngulube. Alichukua watoto wake kila mwaka bila kuomba wavu wala mbwa.

Tusijidanganye lakini kwamba ile wakati yote ilikuwa heri. Waliolala kibandani usiku wakati ya mvua walikuwa zaidi wanawake na watoto, na katika mgawanyo wa nyama hatusikii kwamba usingizi wao ulipewa sehemu.

Sasa mpango huo ulivunjika namna gani? Haukuvunjika siku moja. Mwaka wa 1890, mkataba wa Brussels ulikataza kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Zilizoweza kuruhusiwa ni zile za zamani za jiwe, za kujaza kwa mdomo. Ndiyo maana mpaka leo bunduki ya kijiji ni ile tunayoiita pupu, kazi ya mhunzi, yenye baruti na vipande vya chuma. Na bunduki, hata mbaya, inamfundisha mtu kuwinda peke yake. Wavu unahitaji kijiji; pupu inahitaji mtu mmoja na taa.

Halafu ikaja reli. Ilifika Bukama mwaka wa 1918, na mwaka wa 1928 njia iliyopita Kamina ikamalizika mpaka Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo. Kamina yenyewe ikakua kama muji wa reli. Wafanyakazi walitaka nyama, na nyama ya pori ikapata bei. Kijana aliyeua ngulube hakuwa tena na haraka ya kuita mwenye udongo. Alikuwa na haraka ya kufika gare. Wengine walienda mbali zaidi, katika migodi ya Union Minière, na katika kijiji mikono ya kushika wavu ikapungua.

Lakini kwa maoni yetu, kilichochoma zaidi ni kilimo cha lazima. Kilianza na amri ya mwaka wa 1917, na dekreti ya 1933 ikaweka siku 60 za kazi kwa mwaka. Pamba ilipandwa kwa fimbo, na vijiji vilisogezwa kando ya barabara ili Leta ivione. Ngulube hali pamba. Mtu alilinda shamba ambalo adui hakulitaka, na lile la mihogo likabaki mbali, nyuma, karibu na muhulu. Juu ya hayo, dekreti ya tarehe 21 Aprili 1937 ilitia uwindaji chini ya vibali, na mwaka wa 1939 Upemba ikawa mbuga ya taifa. Sisi hatupingi mbuga; bila hiyo wajukuu wetu wangejua pundamilia kwa picha tu. Tunasema tu kwamba mwenye udongo, aliyekuwa anatoa siku ya moto na ya msako, akabaki na jina bila kazi. Sheria ya tarehe 28 Mei 1982 nayo inamtaka mwindaji kuwa na kibali. Ni sawa, lakini mama mwenye nusu hekta ya mihogo hana njia ya kwenda kutafuta karatasi kwa ajili ya ngulube wa usiku huu.

Vita vya 1960 na 1961 vilichoma vijiji vingi vya kaskazini ya Katanga, na shamba lililoachwa linageuka kichaka, na kichaka ni nyumba ya ngulube. Katika miaka ya 1990, mishahara ilipokosekana, watu wa muji walirudi kwa jembe, kila mtu akifungua shamba pale alipopata, moja huku, lingine kule. Vita vilivyofuata vilileta silaha za jeshi. Nyama wakubwa waliisha, na chui akawa haonekani. Ngulube akabaki, kwa maana anatembea usiku, anazaa haraka, na chakula chake tunampandia wenyewe.

Leo kila nyumba inapigana peke yake. Mahindi yakianza kukomaa, watoto wanalala shambani na bidoni tupu ya kupiga, na asubuhi wanasinzia darasani ao hawafiki kabisa. Wengine wanategesha kamba za waya zilizotolewa katika matairi ya zamani. Zinashika kila kitu kinachopita, hata mbwa wa jirani. Wengine, na hili ni baya kupita yote, wanatia dawa ya wadudu katika mihogo na kuiacha njiani. Nyama ya namna hiyo inaweza kufika sokoni, na hakuna anayejua amekula nini.

Kuna pia dawa nyingine ya kimya: mihogo michungu. Ngulube anaipenda kidogo kuliko ile tamu, na mwizi vilevile. Huko Malawi, wanawake waliohojiwa na watafiti katika miaka ya 1990 walitoa sababu hiyohiyo. Lakini mihogo michungu inataka kulowekwa siku tatu hivi na kukaushwa vizuri kabla ya kuwa unga wa bukari. Njaa ikiharakisha kazi hiyo, sumu inabaki, na inaweza kuleta konzo, ugonjwa unaolemaza miguu ya watoto na ya mama, ulioelezwa na waganga katika Kwango tangu 1938. Kwa hiyo ngulube anaweza kumpiga mtu hata pale ambapo hakula shamba lake.

Na kwa wale wanaofuga: homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwanza huko Kenya mwaka wa 1921, inakaa ndani ya ngulube wa pori na ngiri bila kuwaumiza. Ikiingia katika kibanda cha nguruwe wa kufugwa, inaua karibu wote, na mganga wa mifugo hana dawa ya kuitibu. Mtu haipati. Lakini anayepasua nyama ya pori nyumbani na kutupia nguruwe wake matumbo na mifupa anaichezea mali yake.

Siye hatuombi kurudisha buyanga na miiko yake yote. Wengine kati yetu ni watu wa kanisa, na hawatakubali. Tunachouliza wenye udongo na wakubwa wa vijiji ni kitu kidogo: mwaka huu, kabla ya mvua ya Oktoba, mashamba mapya yafunguliwe pamoja, na uzio mmoja, na zamu moja ya kulinda inayowahesabu wanaume pia. Juu ya msako, zungumzeni na watu wa mazingira kwanza. Nyavu zenyewe hazipatikani tena kwa urahisi. Wanaojua kusokota ile kamba ya ganda la mti wamebaki wazee wachache, na kusokota wavu mmoja kunataka kiangazi kizima.