Hotuba na Karakana

Wanaosimulia historia ya elektroniki ya kiwango cha nanomita huanzia Pasadena, California, mwezi Desemba 1959. Hapo Richard Feynman aliwaambia wanafizikia wenzake kwamba hakuna kanuni ya maumbile inayokataza atomi kupangwa mojamoja. Masimulizi haya yanampa msemaji sifa iliyo haki ya mafundi. Hotuba ilichapishwa mwaka 1960, kisha kwa takribani miaka ishirini ikatajwa kwa nadra. Hata dola 1,000 alizoahidi kwa atakayeunda mota isiyozidi sehemu moja ya 64 ya inchi zilichukuliwa na William McLellan mwaka huohuo kwa zana za kawaida, bila ufundi wowote mpya kuzaliwa.

Udogo ulitafutwa kwingine, tena kwa sababu za biashara. Chipu ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilibeba transista zipatazo 2,300, zilizochorwa kwa kipimo cha nanomita 10,000. Kushuka kutoka hapo kulitegemea mwanga unaochora juu ya silikoni: wimbi likiwa fupi, mstari huwa mwembamba. Mwaka 1986 Hiroo Kinoshita wa kampuni ya NTT, Japani, alipopendekeza miali inayokaribia eksirei, wengi hawakumwamini, nao hawakuwa wajinga. Miali hiyo humezwa na hewa, humezwa na lenzi. Lazima iakisiwe kwa vioo vya matabaka mengi ndani ya ombwe. Leo mashine za kampuni ya ASML ya Uholanzi huipata kwa kupiga leza matone ya bati iliyoyeyuka, matone 50,000 kila sekunde, ili kutoa wimbi la nanomita 13.5. Chipu zilizochorwa hivyo zilifika madukani mwaka 2019. (Hizo "nanomita 3" za matangazo, kwa kweli, ni jina tu, hazipimi kitu chochote ndani ya chipu.)

Atapinga mtu kwamba unabii ulitimia: mwaka 1981 Gerd Binnig na Heinrich Rohrer waliunda huko Zurich hadubini inayotambua atomi, na mwaka 1989 Don Eigler akapanga atomi 35 za zenoni ziandike IBM. Ni kweli. Lakini Binnig na Rohrer walikuwa wakisaka dosari katika matabaka membamba ya oksidi, na Russell Young wa Marekani alishakaribia chombo kama hicho mwanzoni mwa miaka ya 1970. Atomi za Eigler nazo zilitulia kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Hakuna chipu ya simu inayojengwa hivyo. Hoja nzito zaidi ni kwamba Feynman alitaja kuandika kwa miali ya elektroni, njia inayotumika sasa kuchonga violezo vya chipu. Hilo nampa, ingawa hadubini ya elektroni, inayotumia miali hiyohiyo, ilikuwepo Ujerumani tangu miaka ya 1930.

Kilichomrudisha Feynman ni siasa ya fedha. Januari 2000 Rais Clinton alikwenda Caltech, chuo cha Feynman, kutangaza mpango wa taifa wa nanoteknolojia, na akamtaja. Wakati huo Intel na wenzake walikuwa na miaka mitatu wakiigharimia miali ya Kinoshita katika maabara za taifa hilohilo.