Mpangaji Asiyelipa Wala Asiyehama

Msikilizaji, leo nizungumze juu ya mtu ambaye kila mtaa wa mji huu unamfahamu. Halipi kodi na hahami. Akidaiwa husema, "Mwisho wa mwezi, mama, nakuomba." Mwisho wa mwezi ukifika, huondoka alfajiri kabla mwenye nyumba hajaamka, akarudi usiku watu wote wamelala. Si mwizi, maana hajavunja mlango wa mtu. Aliingia kwa heshima, akalipa vizuri miezi ya mwanzo, akasaidia hata kubeba jeneza mtaani. Basi atatolewaje?

Wako wanaosema kwamba tabia hii imeletwa na vijana wa siku hizi wasio na haya. La hasha. Mtu huyu ni mkongwe kuliko sisi sote, na ningependa tumfuate nyuma kidogo katika historia, kwa sababu mambo mengi tunayoyalalamikia leo katika upangaji yamezaliwa na yeye. Hata ile desturi ya kudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kabla hujapewa ufunguo, chimbuko lake ni hapo.

Tuanze na nyumba ile tunayoiita ya Kiswahili. Ukumbi unapita katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na nyuma kuna uani penye choo, bafu na jiko vinavyotumiwa na wote. Mwenye nyumba mwenyewe anakaa chumba kimoja au viwili, vingine anapangisha. Hapa hakuna mkataba ulioandikwa na wakili. Kuna daftari la shule, na mara nyingi hata daftari hakuna. Mwenye nyumba na mdaiwa wake wanapishana ukumbini kila asubuhi, mmoja na mswaki, mwingine na ndoo.

Niliwahi kupanga chumba katika nyumba ya namna hiyo, Ilala, na jirani yangu wa chumba cha pili alifikisha deni la miezi minne. Niliyaona mapambano yale tangu mwanzo. Kwanza mama mwenye nyumba alimtuma mtoto: "Mama anakusalimia, anasema usimsahau." Kisha akaanza kusema kwa sauti uani, bila kutaja jina, wakati wanawake wote wako kwenye bomba. Baadaye bafu likatiwa kufuli na kila mpangaji akapewa ufunguo wake, isipokuwa mmoja. Ikafuata balbu ya chumbani kwake, ati imeungua. Mwisho mama akaleta fundi, mlango wa chumba ukang'olewa bawaba zote, ukapelekwa "kutengenezwa". Yule bwana alitundika shuka penye mlango akakaa wiki tatu nyingine!

Sisi wengine tulicheka. Lakini mama yule alikuwa mjane, na vyumba vile vinne ndivyo vilivyokuwa shamba lake na pensheni yake. Kodi ya miezi minne ilikuwa karo ya watoto wawili. Na yule bwana naye alikuwa amepunguzwa kazini, hakuwa na pa kwenda ila kurudi kijijini kwao mikono mitupu. Mtu anayesema kwamba katika ugomvi huu mmoja ni mnyonyaji na mwingine mnyonge, huyo hajakaa katika nyumba za vyumba sita.

Hayo ni ya mwenye nyumba mmoja na mpangaji mmoja. Je, ikiwa wapangaji wa upande mzima wa mji watakataa kulipa, na wakakataa kuhama? Jambo hilo limewahi kutokea, tena karibu na hapa, Zanzibar, mwaka 1928.

Wakati ule mji wa Unguja ulikuwa na pande mbili. Ng'ambo ya kijito kulikuwa Mji Mkongwe wenye majumba ya mawe, na upande wa pili ndio Ng'ambo yenyewe, mahali pa nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti. Wengi wa wakazi wake walikuwa watu waliowahi kuwa watumwa au watoto wao, pamoja na wahamiaji kutoka bara, Ngazija na kwingineko. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na watu wengi walivuka kijito wakajijengea. Viwanja havikuwa vyao. Vilikuwa vya matajiri, Waarabu na Wahindi wengi wao, na zamani tajiri alikuwa akimwacha mtu ajenge bure au kwa kitu kidogo tu, maana mtu aliyekaa katika kiwanja chako alikuwa mtu wako. Alikuja kwenye harusi yako, na akifa ulimzika.

Hapo pana jambo la kuangalia sana. Mpangaji wa Ng'ambo hakupanga nyumba. Nyumba ilikuwa yake, ameikata miti mwenyewe na kuisuka makuti. Alichopanga ni ardhi iliyo chini yake. Kwa desturi ya pwani yetu hayo ni mambo mawili mbalimbali, kama vile mnazi unavyoweza kuwa wa huyu na shamba la yule. Mombasa mpaka leo wako watu wenye nyumba bila ardhi, na kila mwezi humlipa mwenye kiwanja. Sasa mtu wa namna hii asipolipa, mwenye kiwanja atafanya nini? Hawezi kumwekea kufuli, kwa kuwa mlango si wake. Hawezi kumpangisha mwingine, kwa kuwa kuta si zake. Njia iliyobaki ni moja tu, kwenda mahakamani kuomba amri ya kuivunja nyumba ya mwenzake na kumtaka aondoe miti yake.

Katika miaka ya 1920 mji ulikua, viwanja vikapata thamani, na wenye viwanja wakapandisha kodi. Ule ukarimu wa zamani ukaisha. Kilichobaki ni hesabu. Watu wa Ng'ambo waliona kwamba wanatozwa fedha kwa ardhi ambayo wao ndio walioifanya mji. Walikutana misikitini na vibarazani, na wanawake walikuwa mstari wa mbele, maana katika Ng'ambo wanawake wengi walikuwa wenye nyumba zao wenyewe. Mwaka 1928 wakaacha kulipa.

Hebu fikiria hali ya mwenye kiwanja. Akimshitaki mmoja, mia wanabaki. Akipata amri ya kuvunja, nani atakwenda kuvunja nyumba ya jirani yake huku mtaa mzima umesimama unatazama? Mwanzoni mwa 1929, baada ya watu kukamatwa kwa sababu ya mgomo huo, umati uliwatoa kwa nguvu mikononi mwa serikali. Waingereza waliotawala waliogopa. Lakini kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kuona kwamba upande mmoja hauwezi kushinda peke yake, na mwaka huo wa 1928 ikatungwa sheria ya kuzuia kodi za viwanja zisipandishwe ovyo. Wapangaji walivunja mkataba, na sheria ikageuka kuwafuata wao.

Jambo hilo halikuwa geni kwa Waingereza. Lilikuwa limewapata kwao. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wafanyakazi walimiminika Glasgow, huko Scotland, kutengeneza meli na silaha. Wenye nyumba wakapandisha kodi. Wanaume wengi walikuwa vitani, hivyo waliosimama ni wanawake, na aliyejulikana zaidi kati yao ni Mary Barbour. Ofisa wa mahakama alipoonekana anakuja kutoa watu, kengele ilipigwa, wanawake wakajaa kwenye ngazi na kumrushia unga. Kaya zipatazo 20,000 zilikuwa hazilipi nyongeza ile. Tarehe 17 Novemba 1915 wapangaji 18 walipofikishwa mahakamani, maelfu ya wafanyakazi waliacha kazi wakaandamana mpaka mlangoni. Wiki chache baadaye Bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyorudisha kodi katika kiwango cha Agosti 1914, kabla ya vita kuanza.

Sheria hiyo ndiyo bibi wa sheria zetu. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, serikali za kikoloni Afrika Mashariki ziliweka mipaka ya kodi kwa mfano ule ule, na baada ya Uhuru tuliirithi. Kwetu Bara sheria ya mwisho ya aina hiyo ilikuwa ya mwaka 1984. Ilisema kodi ina kiwango chake, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kumtoa mpangaji bila amri ya baraza. Sababu za kumtoa zilitajwa: hajalipa, ameharibu nyumba, amewasumbua majirani, au mwenye nyumba anaitaka akae mwenyewe.

Kutolipa kulikuwemo katika orodha, ndiyo. Lakini kati ya sababu na amri kulikuwa na safari. Shauri lifunguliwe, hati ya kuitwa ipelekwe, mpangaji asionekane, tarehe nyingine ipangwe, mpangaji aje na cheti cha daktari, tarehe nyingine tena. Huku anakaa. Akishindwa anakata rufaa, na huku anakaa. Mtu mwenye jumba la ghorofa nne alikuwa na wakili wa kumngojea. Mjane wa Ilala hakuwa naye, ndiyo maana alimwita fundi wa milango. Na mimi nasema wazi, sheria ile ilitungwa kwa kumfikiria tajiri, ikaja kumwangukia mjane.

Tena tusisahau kwamba mwenye nyumba mkubwa kuliko wote katika nchi hii aliwahi kuwa serikali. Mwaka 1971 sheria ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaunganishwa na Shirika la Taifa la Nyumba. Huko Zanzibar, Serikali ya Mapinduzi ilikuwa imetangaza mwaka 1964 kwamba ardhi yote ni ya serikali, na wale wenye viwanja wa Ng'ambo wakawa historia. Basi shirika la umma nalo likakutana na yule yule bwana wa mwisho wa mwezi. Safari hii alivaa suti. Wadaiwa sugu wengine walikuwa idara na taasisi za serikali yenyewe, na nani angethubutu kung'oa mlango wa wizara? Mwaka 2016 Rais John Magufuli ndipo alipoliagiza shirika liwatoe wasiolipa bila kujali ni akina nani, taasisi za serikali zikiwemo.

Mwaka 2005 Bunge liliifuta sheria ile ya kudhibiti kodi. Kodi ikawa ni mapatano, na migogoro inapelekwa kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hata hivyo, kumtoa mtu kwa nguvu bado si kazi ya mwenye nyumba. Anatakiwa atoe notisi, apate amri, na dalali wa mahakama ndiye aje. Kuezua mabati na kung'oa milango ni kujitafutia kesi, ingawa hutendeka kila siku. Jirani zetu wa Kenya waliliona hilo mwaka 2020 wakati wa korona, pale mwenye nyumba mmoja Nairobi alipowaezulia wapangaji wake paa kwa sababu ya kodi, picha zikaenea nchi nzima.

Sasa wenye nyumba wadogo, walipoona kwamba kufuli lina kesi na baraza lina foleni, walibuni silaha yao wenyewe, isiyotungwa na Bunge lolote: lipa kwanza. Miezi mitatu, kisha sita, na mahali pengine mwaka. Mpangaji aliyelipa mwaka hawezi kudaiwa ndani ya mwaka. Ukiongeza na mwezi mmoja wa dalali aliyekuonyesha chumba, kijana aliyeajiriwa jana anatakiwa aje na mshahara wa miezi ambayo hajaifanyia kazi. Viongozi wamelikemea jambo hili mara nyingi. Mwenye nyumba husikiliza redio, hutikisa kichwa, kisha humwambia mpangaji anayefuata: miezi sita.

Wala silaha yenyewe haimlindi sana mama. Fedha za miezi sita huingia siku moja. Karo inalipwa, bati linalovuja linabadilishwa, deni la dukani linamalizwa, na katika wiki ya tatu hakuna kitu, wakati mpangaji bado ana miezi mitano ambayo haruhusiwi kuguswa. Miezi hiyo ikiisha, mpangaji naye hana nyingine sita mkononi. Anamfuata mama uani jioni, anamsalimia vizuri, anauliza hali ya watoto, kisha anaomba safari hii amlipe mwezi kwa mwezi. Mama anafikiri gharama ya chumba kukaa kitupu, anafikiri dalali, anakubali. Mwezi wa kwanza analipa tarehe tano. Wa pili analipa nusu. Wa tatu anasema, "Mwisho wa mwezi, mama, nakuomba."