Kokteli zisizo na kilevi

Kokteli isiyo na kilevi ni kinywaji cha mchanganyiko kinachofuata kanuni ya kokteli ya kawaida, ila pombe imeondolewa na kazi yake kuachiwa viungo vingine. Utete na delta ya Rufiji, mkoani Pwani, Tanzania, hazikosi mahitaji yake: nazi, madafu, maembe, ndimu na ukwaju. Kwa kuwa wakazi wengi wa wilaya za Rufiji na Kibiti, yaliko maeneo haya, ni Waislamu, vinywaji visivyo na kilevi ndivyo vinavyoandaliwa kwenye harusi na futari.

Asili

Kokteli tatu zinazoelezwa hapa kwa asili huwa na pombe. Piña colada inahusishwa na Ramón Marrero, mhudumu wa baa katika hoteli ya Caribe Hilton, San Juan, aliyeichanganya mwaka 1954 kwa ramu, nanasi na krimu ya nazi. Mwaka 1978 ilitangazwa kinywaji rasmi cha Puerto Rico. Mojito ya Kuba ni ramu, ndimu, sukari, mnanaa na maji ya soda. Jijini Nairobi, mgahawa wa Carnivore uliivumisha kokteli iitwayo dawa, yenye vodka, ndimu, asali na barafu. Nchini Kenya jina hilohilo hupewa pia kinywaji moto cha tangawizi, ndimu na asali, kisicho na tone la pombe.

Kazi ya pombe na mbadala wake

Pombe huleta ukali kooni, hukata utamu na hubeba harufu. Ikiondolewa bila mbadala, inabaki sharubati tupu. Ukali hurudishwa kwa tangawizi mbichi au pilipili manga. Utamu hukatwa kwa ndimu, ukwaju au ubuyu. Harufu hutoka kwenye iliki, mdalasini na ganda la ndimu. Sukari hutiwa mwisho, baada ya kuonja.

Utayarishaji

Piña colada ya watu wawili huhitaji vikombe 2 vya nanasi, nusu kikombe cha tui zito, nusu kikombe cha madafu, ndimu 1 na kipande kidogo cha tangawizi. Nazi hukunwa kwa mbuzi, hukamuliwa na kuchujwa kwa kifumbu; linalotumika ni tui la kwanza. Vyote husagwa kwenye blenda pamoja na barafu. Pasipo blenda, nanasi na tangawizi hutwangwa kinuni na kuchujwa kabla ya kuchanganywa na tui.

Kwa mojito, mnanaa hupondwa kidogo tu, kwani majani yakisagika sana hutoa uchungu. Ramu huachwa na maji ya soda huongezwa. Kwa dawa, asali hukorogwa kwanza katika maji vuguvugu, maana haiyeyuki vizuri katika maji baridi, kisha hutiwa ndimu, tangawizi na barafu.

Uhifadhi

Katika joto la pwani, tui huharibika na juisi huchacha upesi. Hamira za asili hugeuza sukari kuwa kilevi zenyewe: juisi ya mabibo ikiachwa huwa pombe, na tembo la mnazi huanza kuchacha tangu linapogemwa, hivyo hata likiwa bado tamu halifai kutumika hapa. Vinywaji hivi hutengenezwa na kunywewa siku hiyohiyo. Juisi iliyolala na kutoa povu haihesabiwi tena kuwa haina kilevi.